Kiti cha Mkoa

Ukiingia ukumbi wa mji wa Riamasago, mkono wa kushoto, karibu na mlango, kuna kiti kizito cha mbao chenye mikono mipana na rekisini nyekundu, ngozi ya bandia, iliyopasuka pembeni mpaka sifongo inachungulia. Kwa miaka mingi hakuna aliyekikalia kiti hicho ila Zilpa Akumu. Madiwani walikiita kiti cha mkoa. Mkoa wenyewe makao yake yalikuwa Kisumu, kule chini ziwani, lakini siku ya kikao ulipanda milima ya Kisii ukiwa na mkoba mweusi, viatu vya kamba na kalamu ya wino wa buluu. Uliingia, ukainamisha kichwa kidogo kuwasalimu wenyeji, ukaketi. Kabla mkoa haujaketi, mwenyekiti hakuthubutu kufungua kikao.

Mkoa, basi, ulikuwa mwanamke mwembamba wa kutoka upande wa ziwa, msema kidogo, mwenye mwanya katikati ya meno.

Zilpa aliajiriwa angali msichana, ametoka chuoni juzi, katika ofisi ya mkoa iliyosimamia serikali za mitaa. Kazi ya ofisi hiyo ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kila mji uliokuwa na halmashauri ulikuwa na madiwani wake, na madiwani walikuwa na haki ya kuamua mambo ya mji wao: soko liwe wapi, kichinjio kijengwe lini, nani apewe kibanda, mbwa wa nani afungwe. Ofisi ya mkoa ilikuwa na haki ya kuwatazama wakiamua. Bajeti zilipita hapo kabla ya kwenda Nairobi. Sheria ndogo za miji zilisomwa hapo, zikarudishwa zikiwa na alama. Ofisi ilikuwa kongwe kumpita Zilpa. Ilirithi kabati zake na tabia zake kutoka enzi ya wakoloni, na hata Nyamira ilipojitenga na Kisii ikawa wilaya yake yenyewe, ikabidi faili zigawanywe kama nguo za watoto wa marehemu, ofisi haikutikisika. Ilifungua rafu mpya tu, ikaendelea kutazama.

Bosi wake wa kwanza alikuwa Bwana Okeyo, mzee wa suti za kahawia, aliyependa kula karanga akisoma bajeti za watu. Siku alipomkabidhi Zilpa chumba kimoja mjini Kisii, ili asimamie miji ya milimani kwa niaba ya Kisumu, alimpa masharti mawili. La kwanza, aketi karibu na mlango, ili viti vikianza kurushwa awe wa kwanza kutoka. La pili hakulitania.

"Akumu, humo ndani usiseme neno. Siku utakayosema neno moja, utakuwa diwani. Na madiwani tunao wa kutosha."

Zilpa akalishika hilo. Alikwenda Ogembo, akaenda Ekerenyo, akazunguka miji yote midogo iliyokuwa imepata halmashauri kabla ya kupata choo cha umma, na kila alipoketi aliandika alichokiona. Alikuwa na njia yake moja tu ya kusema. Mambo yalipokwenda vibaya, watu walipoanza kupitisha jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda, au mwenyekiti alipohesabu mikono ambayo haikuinuliwa, Zilpa alifunika kalamu yake. Kifuniko kililia kidogo, tiki, kisha akaiweka kalamu juu ya mkoba na kutazama mbele. Maana yake ilikuwa kwamba kuanzia hapo, kwa macho ya Kisumu, hakuna kikao. Watakayoyaamua ni mazungumzo ya watu waliokutana chumbani.

Habari hiyo ilienea bila yeye kuitangaza. Karani wa halmashauri alikuwa akimwangalia kwa pembe ya jicho, na kifuniko kikilia humwinamia mwenyekiti na kumnong'oneza: mkoa umefunga kalamu. Mwenyekiti hugonga meza. Waliosimama huketi. Nimeambiwa na watu waliokuwapo kwamba mlio ule mdogo ulisikika mpaka nyuma ya ukumbi, hata siku za mvua ya mawe, na mimi naamini, kwa sababu mtu husikia anachokiogopa.

Mwaka mmoja wa uchaguzi wa mwenyekiti, kundi moja la madiwani wa Riamasago lilikuwa limefichwa hotelini mbali na mji, lisije likanunuliwa na kundi la pili. Walirudishwa asubuhi ya kura, wamejazwa kwenye lori la kubebea majani chai, wakiimba. Ndani ya ukumbi ugomvi ukalipuka juu ya rungu la halmashauri, lile la kuwekwa mezani kikao kikiwa halali. Upande mmoja ulilishika kichwa, upande wa pili ukalishika mguu. Diwani kijana aitwaye Ombati, machachari wa kundi la lori, alivua viatu kwa heshima ya samani, akapanda juu ya meza, na kuanza kuhutubia kutoka huko.

Zilpa akafunga kalamu.

Ombati aliusikia mlio akiwa katikati ya sentensi. Alibaki ameinua mkono kwa muda, kisha akateremka taratibu, akatafuta viatu vyake chini ya meza. Rungu likarudi mahali pake. Kura zikapigwa, kundi lake likashindwa. Jioni alimngojea Zilpa langoni, akamuuliza ataandika nini kumhusu.

"Niliyoyaona, Mheshimiwa."

"Na umeona nini?"

"Nimeona soksi yako ya kulia imetoboka kidoleni. Hilo nitaliacha."

Ombati akacheka mpaka akashika nguzo ya lango. Tangu siku hiyo alimheshimu kwa namna ya mtu anayejua kwamba siri yake ndogo imetunzwa, akawa wa kwanza kusimama kila kiti cha mkoa kilipopata mwenyewe.

Lakini heshima ya namna ile ina baridi yake. Zilpa aliolewa papo hapo Riamasago na mwalimu aitwaye Anyona, mtu mpole wa kanisa la Sabato aliyekuja ofisini kulalamikia choo cha shule na akarudi mara nyingi kuliko choo kilivyohitaji. Alijifunza Ekegusii, lugha ya wenyeji, kwenye mistari ya majani chai, kutoka kwa mama mkwe ambaye hakujua Kiswahili wala Kijaluo na hakuona sababu ya kuvijua. Alizaa, mtoto akaitwa Calvince. Alichuma, alipika, alizika na wenzake. Hata hivyo, alipoingia sokoni mazungumzo yalishuka. Wanawake wa ndizi walimwita Mama Mkoa, wakampa mkungu mzuri kwa bei nzuri upesi upesi, ili aende zake. Alikuwa ametazama kwa muda mrefu mno. Watu walidhani hata huko alikuwa akiwatazama. Usiku mmoja alimwambia mumewe kwamba anaijua miji yote ya milimani, ila hakuna hata mmoja unaomjua yeye. Anyona akamjibu kwamba angoje, kazi zote huisha.

Nayo ikaisha. Katiba mpya ilipokuja, mikoa ikaondoka, kaunti zikaingia, na halmashauri zote zikavunjwa. Hakukuwa na sherehe wala matusi. Kibao cha ofisi kiliteremshwa ukutani kikaacha mraba mweupe kwenye rangi iliyochakaa. Zilpa alibeba birika la chai, kwa kuwa hakuna aliyelitaka. Alipewa meza katika jengo la kaunti mjini Kisii, akafanya kazi za hapa na pale kwa uaminifu, akastaafu. Anyona aliugua mwaka uleule, hakuumaliza.

Kiti cha mkoa kilibaki ukumbini kwa kuwa kilikuwa mali ya ukumbi. Ukumbi ukawa unakodishwa. Watu walifanyia humo harusi, semina za mbolea, mazoezi ya kwaya. Kwaya iliweka vitabu vya nyimbo juu ya kiti kile, mafundi wakatundika makoti yao, lakini kukikalia, hakuna aliyekikalia. Hata vijana ambao hawakupata kumwona diwani kwa macho yao walisimama ukutani na kukiacha kitupu, na ukiwauliza kwa nini, walisema kina mwenyewe.

Baada ya siku arobaini za ujane Zilpa alikata mikungu iliyokuwa imeiva nyuma ya nyumba, akaipakia kwenye boda boda, akaenda nayo uwanja wa ndizi. Hakuwa na mahali. Kila mwanamke uwanjani pale ana mahali pake, amepafagia miaka na miaka, na hakuna alama inayoonyesha mpaka ila kumbukumbu za majirani. Alisimama na mikungu yake kando ya barabara, mwanamke mzima aliyepata kunyamazisha halmashauri kwa kalamu, asijue aweke wapi miguu. Nyakerario, muuza ndizi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe bonde la pili, akamtazama juu mpaka chini.

"Mama Mkoa, leo umekuja na sisi ama umekuja juu yetu?"

"Nimekuja na ndizi," Zilpa akasema.

Nyakerario akafikiri. Kisha akakunja nusu ya gunia lake alilotandika chini, akausogeza mkungu wake kwa mguu, na kumwonyesha kwa kidevu pale palipobaki wazi. Palikuwa mahali pazuri, ukingoni kabisa, barabarani, ambapo madereva wa malori kutoka Nairobi huona ndizi kabla hawajazima injini. Hiyo ndiyo siku Zilpa Akumu alipohamia Riamasago, ingawa alikuwa ameolewa pale zaidi ya nusu ya maisha yake.

Kwa hiyo ilipofika habari kwamba uwanja unachukuliwa, kwake haikuwa habari ya biashara tu.

Riamasago ilikuwa imepandishwa daraja ikawa manispaa, na kaunti ikaiundia bodi. Mwenyekiti wa bodi akawa Ombati, sasa mzee wa tumbo na miwani, aliyekuwa amejifunza kuvaa soksi nzima. Meneja akawa Duke, kijana wa mjini Kisii aliyesomea mipango ya miji, mwenye adabu, mwenye kompyuta mpakato isiyofungwa kamwe. Duke alikuwa na hoja. Malori ya ndizi yalipoziba barabara siku ya soko, gari la wagonjwa halikupita kwenda hospitali. Ilikwishatokea kwamba mwanamke akajifungulia kwenye foleni, kati ya mikungu. Mpango wake ulikuwa uwanja wa ndizi uwe stendi ya matatu za abiria, na wauzaji wahamie ng'ambo ya mto, kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Jambo ambalo mpango haukulitaja ni kwamba huko ng'ambo lori halipandi mvua ikinyesha, na Kisii mvua hainyeshi kwa kubahatisha.

Wanawake walikutana chini ya turubai la Nyakerario. Kikao cha bodi kilikuwa wazi kwa wananchi, tangazo lilibandikwa ukumbini. Nani atasema? Wakamtazama Zilpa wote kwa pamoja, kama walivyokuwa wakimtazama zamani, ila safari hii hawakushusha sauti.

Zilpa alikataa. Aliwaeleza kwamba katika ukumbi ule hajapata kusema hata neno, kwamba mdomo wake humo ndani umefungwa tangu enzi ya Bwana Okeyo, na hajui kama bado unafunguka.

"Miaka yote hiyo serikali ilikulipa unyamaze," Nyakerario alisema. "Sisi hatukulipi. Sema."

Wakacheka, na Zilpa akacheka, lakini usingizi wa usiku ule haukuwa mzuri.

Siku ya kikao alivaa viatu vya kamba. Alichukua mkoba mweusi kwa kuwa ndio aliokuwa nao, na ndani yake kalamu ileile, aliyokuwa akiandikia majina ya madereva wa malori wanaoaminika na wasioaminika. Alifika amechelewa kidogo kwa sababu Nyakerario alitaka kwanza kufunga gunia. Ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki vyote vilikuwa na watu, na walioukosa usafiri wa mapema walisimama ukutani. Goti la Zilpa, lile la kushoto, halikuwa tena goti la kusimamia. Akatazama huku na huku. Kiti kilichokuwa kitupu kilikuwa kimoja.

Aliviondoa vitabu vya kwaya, akaviweka sakafuni kwa mpangilio. Akaketi. Rekisini ikatoa pumzi kama zamani. Akaweka mkoba mapajani, akafungua kalamu, maana mkono wake haukujua kuketi pale bila kalamu wazi.

Upande wa wazee ukumbi ulinyamaza. Ombati, aliyekuwa akimsimulia jirani yake kisa cha ng'ombe, alikatiza ng'ombe njiani. Alisimama nusu, akaketi, akarekebisha miwani, kisha akafungua kikao kwa sauti ambayo wanabodi wenzake hawakuijua. Aliomba sala. Aliomba kumbukumbu za kikao kilichopita zisomwe, zote, na makosa yasahihishwe. Duke alishangaa, kwa sababu siku nyingine kumbukumbu zilichukuliwa kuwa zimesomwa na watu wakaenda moja kwa moja kwenye soda. Leo mwenyekiti aliwauliza wanabodi mmoja mmoja kama wamekubali. Mtu alipoongea nje ya zamu, aligongewa meza.

Hatimaye likafika jambo la uwanja. Duke alisimama na kueleza kwa ufupi, kwa adabu, kwamba suala hilo lilikwisha kukubaliwa na kamati ndogo, kwa hiyo leo bodi haitalijadili. Itapokea taarifa tu, na tingatinga litaingia wiki ijayo.

Zilpa hakuamua lolote. Angekuwa ameamua, ningelisema. Ulikuwa mkono tu, mkono wa miaka yote ile, uliosikia jambo kubwa likipitishwa kwa mlango wa nyuma ukafanya ulichozoea kufanya. Kifuniko kikalia. Tiki. Kalamu ikalala juu ya mkoba.

Ombati alikuwa amefungua mdomo kusema kwamba taarifa imepokewa. Akaufunga.

"Jambo hili tuliahirishe," akasema.

"Mwenyekiti, kuna nini?" Duke aliuliza.

"Mkoa umefunga kalamu."

"Mkoa gani?"

Wazee wawili watatu walitikisa kichwa kumwafiki mwenyekiti, kama watu wanaosikia sheria wanayoijua. Wanawake wa ndizi walianza kubanana mikono kwa furaha iliyojificha. Nyakerario, kutoka ukutani, alimkazia Zilpa macho, na macho yake yalisema waziwazi: kaa hapo hapo, usipumue.

Na angeweza kukaa. Hapo ndipo ninapomwona Zilpa vizuri zaidi kuliko mahali pengine popote katika maisha yake. Alikuwa ameshinda bila kufungua mdomo, kwa nguvu za ofisi iliyokufa, mbele ya mtu aliyesahau kwa dakika chache kwamba imekufa. Angenyamaza, tingatinga lisingekuja wiki ijayo. Lakini alimtazama Duke, aliyekuwa amekunja uso akifikiri, akajua kwamba jioni kijana yule atauliza watu, ataambiwa mkoa ulikuwa nini na uliondoka lini, na kikao kijacho atakuja akitabasamu. Uwanja ungekuwa umeshikiliwa na kifuniko cha kalamu. Tena kulikuwa na jambo la pili, dogo, lililomuuma zaidi: kwamba akinyamaza hapo, ataondoka ukumbini akiwa Mama Mkoa, na wenzake watamshukuru kwa woga uleule wa zamani.

Akasimama. Goti likalia kuliko kalamu.

"Mwenyekiti," akasema, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko alivyotazamia, "mkoa haupo. Uliondoka, na mimi nilibeba birika lake. Kalamu nimeifunga kwa mazoea, unisamehe. Mimi ni Zilpa Akumu, nauza ndizi pale uwanjani. Naomba nafasi ya kusema kama mwananchi, na kama haipo kwenye ajenda, niambie niketi."

Kicheko kikaanza pembeni kikafa. Ombati alivua miwani akaifuta kwa tai. Aibu ilimpanda shingoni, kila mtu aliiona, na kwa sekunde kadhaa ilikuwa haijulikani aibu ile itageuka kuwa nini. Kisha akairudisha miwani usoni.

"Nafasi ipo," akasema. "Ninyi wa ndizi mna bahati. Huyu mama nimemngojea aseme tangu nikiwa na nywele."

Zilpa akasema. Hakusema kwa ufundi. Aliwaomba wanabodi waje uwanjani asubuhi ya soko, waone malori yakipakia, kisha waende ng'ambo ya mto mvua ikinyesha, wavae viatu wasivyovipenda. Alisema malori huja alfajiri na huwa yameondoka kabla ya jua kuwa kali, na matatu hujaa mchana. Uwanja mmoja unaweza kulelewa na wazazi wawili kwa zamu. Duke akamsikiliza, akaandika, kisha akauliza swali ambalo wanawake walikuwa wameliogopa. Na gari la wagonjwa je? Zamu haitapanua barabara.

Lilikuwa swali la haki. Zilpa alilijua jibu lake kabla hajaingia ukumbini, na alikuwa ameomba asiulizwe. Kinachoziba barabara ni ule ukingo, pale malori yanaposimama kwa sababu ndizi zimepangwa pale. Ukingo ukiachwa wazi, gari la wagonjwa litapita. Na ukingo una wenyewe.

"Tutarudi nyuma," akasema. "Walio barabarani watahamia ukutani, kwa ndani. Naanza na mimi, na jirani yangu Nyakerario, aliyenipa nusu ya gunia lake."

"Mama Mkoa, na mdomo wangu umeuchukua pia?" Nyakerario aliuliza kutoka ukutani, na ukumbi mzima ukaangua kicheko ambacho yeye hakushiriki.

Bodi haikuamua siku ile. Walikwenda uwanjani, wakaenda na ng'ambo ya mto, ambako kiatu kimoja cha mwanabodi kilibaki kwenye matope kikachimbwa na watoto wa shule. Duke alirudi, akaketi mbele ya kompyuta yake na kuchora upya, na mchoro wa pili ulikuwa mzuri. Aliuchora vizuri zaidi ya walivyoomba, akaweka mtaro na paa. Kikao kilichofuata kikaupitisha, mkono kwa mkono, kila mkono ukihesabiwa. Uwanja ulibaki wa ndizi asubuhi na wa matatu mchana. Ukingo ukawa wazi.

Nyakerario alihamia ndani, karibu na ukuta, ambako dereva mpya hamwoni mtu mpaka ashuke. Siku za kwanza hakumsemesha Zilpa. Alitandika gunia lake lote, wazi, bila kukunja nusu, akaita wateja juu ya kichwa cha jirani yake kana kwamba ni jiwe. Zilpa alivumilia. Alikuwa amezoea kukaa mahali bila kusemeshwa, ila alikuwa hajazoea kujali. Kisha asubuhi moja gari la wagonjwa likapita barabarani, mbio, king'ora kikilia, na halikupunguza mwendo hata kidogo. Wanawake wote waliinua vichwa kulisindikiza. Nyakerario alilitazama mpaka likapinda kona ya hospitali. Halafu, bila kugeuka, akakunja gunia.

"Sogea huku," akasema. "Hapo ulipo kuna siafu."

Zilpa hakuona siafu. Alisogea.

Alipokwenda kwenye kikao kingine alifika mapema, kwa ajili ya goti. Mlangoni akasimama. Kiti cha mkoa kilikuwa na mtu. Nyakerario alikuwa amekijaa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kitambaa kipya kichwani, mkoba wa plastiki mapajani, na katika vidole vyake vyenye madoa ya utomvu wa ndizi kulikuwa na kalamu iliyofunguliwa.

"Tumekubaliana sokoni," akamwambia Zilpa. "Tutakikalia kwa zamu. Leo ni mimi, kikao kijacho Gesare. Sasa nifundishe. Nikifunga, watanyamaza?"

"Usipojua kwa nini umefunga, watacheka."

"Na nikijua?"

"Ukijua, usifunge. Inua mkono."

Ombati aliingia, akaona kiti kina mwenyewe, akainamisha kichwa kidogo kukisalimu kabla hajaenda mbele. Zilpa alitafuta kiti cha plastiki katikati ya watu, kati ya fundi wa pikipiki na mama mmoja aliyekuja kulalamikia taa ya barabarani, akaketi. Jambo la kwanza lilikuwa mtaro wa uwanja, na Duke alipomaliza kueleza, Ombati akauliza kama kuna mwenye la kusema.

Mkono wa Zilpa ulikuwa wa kwanza kuinuka.